Sonic Youth: bendi iliyoanzia kwenye nyuzi

Wimbo unaofungua Daydream Nation, albamu ya mwaka 1988 ya Sonic Youth, bendi ya roki ya New York, huanza taratibu, magitaa yakipigwa kwa upole na Kim Gordon, mwimbaji na mpiga besi wao, akinong'ona maneno machache juu yake. Hukaa hivyo kwa zaidi ya dakika moja, kisha gitaa moja likaingia na kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ambayo mpiga gitaa aliyefundishwa kwa njia ya kawaida ataitafuta kwa vidole vyote asiipate. Hataipata kwa sababu haimo katika gitaa lake. Gitaa la kawaida, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, hutuniwa E, A, D, G, B, E, ilhali la Thurston Moore, mpiga gitaa wa bendi, katika wimbo huo limetuniwa G, A, B, D, E, G, yaani nyuzi tatu za chini zimesogezwa karibu karibu, kila mmoja ukiwa toni moja tu juu ya mwenzake. Ukipitisha mkono juu ya nyuzi hizo bila kubana freti (vipande vya chuma vilivyo shingoni mwa gitaa) hata moja, tayari unasikia kordi pana isiyo ya huzuni wala ya furaha, na wimbo mzima wa karibu dakika 7 unajengwa juu ya hali hiyo.

Nimewasikiliza Sonic Youth kwa miaka mingi, na nimezoea kuona kwamba mazungumzo juu yao huanzia kwenye kelele: spika zinazolia, magitaa yanayogongwa kwa vijiti, nyimbo zinazosambaratika katikati. Kelele ipo, na ni nyingi. Lakini naamini imewapoteza wengi njia, kwa sababu inawafanya wadhani kwamba bendi hii ilikuwa ya panki, ile roki ya kasi isiyo na mapambo, na kwamba mambo ya kiusanii iliyapaka juu juu ili ionekane ya wasomi. Kwa maoni yangu mambo yalikwenda kinyume chake. Muziki wa watunzi, ule unaosikilizwa katika kumbi za matamasha na nyumba za maonyesho ya sanaa, uliingia ndani ya panki yao kupitia nyuzi, kabla ya noti ya kwanza kupigwa, na ndiyo maana hata wimbo wao wa dakika 3 wenye kiitikio cha kuimbika bado unaubeba.

Chanzo cha jambo hili ni New York ya nusu ya pili ya miaka ya 1970, jiji lililonusurika kufilisika mwaka 1975, ambalo upande wa kusini wa kisiwa cha Manhattan ulikuwa umejaa majengo ya viwanda na maghala yaliyohamwa. Kodi ya kukaa humo ilikuwa ndogo, kwa hiyo wachoraji, wachezaji dansi, watunzi wa muziki na vijana wasio na kazi ya kueleweka walijikuta wakipishana kwenye ngazi za jengo moja. Aliyekwenda kuwasikiliza Ramones, bendi ya panki, katika klabu ya CBGB, mtaa wa Bowery, aliweza kesho yake kuonekana The Kitchen, ukumbi wa sanaa ambako watunzi chipukizi walipeleka kazi zao. Rhys Chatham, aliyekuwa mkurugenzi wa muziki wa The Kitchen na aliyewahi kusoma kwa mtunzi La Monte Young, aliwasikia Ramones mwaka 1976 na akatoka pale ameamua kushika gitaa la umeme. Mwaka uliofuata alitunga kazi aliyoiita Guitar Trio, ambamo magitaa matatu hugonga kordi moja ya E mfululizo, mpigo juu ya mpigo, na msikilizaji asiyejua kinachoendelea anaweza kuapa kwamba hakuna kinachobadilika.

Kinachobadilika ni zile sauti za juu. Uzi unapotetemeka hutoa noti yake ya msingi pamoja na noti nyingine nyembamba zilizopangika juu yake, ambazo kwa kawaida sikio huzichanganya na noti ya msingi na kuzichukulia kuwa rangi ya sauti tu. Magitaa kadhaa yakipiga noti ileile kwa nguvu, amplifaya zikiwa zimefunguliwa sana, noti hizo za juu hujitenga na kuanza kusikika peke yake, hata mtu akageuza kichwa kutafuta ni nani anayeimba. Namna ya kuzifanya noti hizo zisikike lilikuwa swali la watunzi wa kumbi kwa miongo kadhaa. Chatham alilichukua swali hilo na kulijibu kwa vifaa vya panki.

Wakati huohuo walikuwapo vijana walioona kwamba panki yenyewe imeendelea kuiheshimu roki ya zamani kupita kiasi. Mwaka 1978 Brian Eno, Mwingereza aliyekuwa akiishi New York wakati huo, alizikusanya bendi zao nne, Contortions, Teenage Jesus and the Jerks, Mars na DNA, katika albamu moja iliyoitwa No New York, na jina la harakati yao, no wave, likashika. Arto Lindsay wa DNA alipiga gitaa la nyuzi 12 ambalo hakulituni kabisa. Bendi hizi hazikudumu, na nyingi zilikuwa zimekwisha kufa Sonic Youth walipoanza, jambo ambalo nadhani liliwafaa: walirithi uhuru wa wale waliotangulia bila kulazimika kuingia katika ugomvi wao.

Mtu aliyewaathiri moja kwa moja alikuwa Glenn Branca. Huyu alizaliwa Harrisburg, Pennsylvania, mwaka 1948, akasomea maigizo mjini Boston, na alipofika New York akaanzisha bendi ya Theoretical Girls pamoja na Jeffrey Lohn kabla ya kugeukia okestra za magitaa. Katika okestra hizo kila mpigaji alikuwa na gitaa ambalo nyuzi zake zote, au karibu zote, zilikuwa zimetuniwa noti moja katika ngazi mbalimbali, kiasi kwamba ujuzi wa kawaida wa vidole haukuwa na kazi. Kazi ilikuwa kupiga kwa kasi, kwa sauti kubwa, kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa, na kungoja sauti za juu zishuke ukumbini. Lee Ranaldo, aliyekuja kuwa mpiga gitaa wa pili wa Sonic Youth, alipiga katika albamu ya Branca ya The Ascension ya mwaka 1981, na Thurston Moore pia alipita katika okestra hizo.

Hapa pana kisa ambacho sichoki kukirejea. Mwaka 1982 kazi ya Branca ilipigwa Chicago katika tamasha la New Music America, na miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo John Cage, mzee ambaye kila mtu katika muziki wa majaribio nchini Marekani alimhesabu kuwa baba. Cage alichukizwa. Katika mahojiano aliyofanyiwa baadaye alieleza kwamba nguvu ile iliyomlazimisha msikilizaji, pamoja na utii wa wapigaji kwa nia ya mtu mmoja, ilimkumbusha ufashisti. Mtu anaweza kubisha, na mimi nabisha, lakini Cage alikuwa amegusa jambo la kweli: okestra ya Branca ilikuwa na kiongozi mmoja na askari wengi. Vijana waliopiga humo walichukua sauti yake na kuuacha mfumo wake. Katika Sonic Youth wote walitunga kwa pamoja, wakiwa wamesimama chumbani na ala zao, na nyimbo zilitiwa sahihi ya bendi nzima. Ukiniuliza panki ilimfanyia nini Branca, nitakujibu kwamba ilimnyang'anya kijiti cha uongozi.

Bendi ilizaliwa mwaka 1981. Moore alikuwa kijana wa Bethel, Connecticut, aliyevutwa mjini na panki. Ranaldo alitoka Long Island na alikuwa amesomea sanaa chuoni Binghamton. Gordon alikulia Los Angeles, akasomea sanaa katika chuo cha Otis, na alifika New York akiwa na nia ya kuwa msanii wa maonyesho, si mwanamuziki. Jina walilitoa sehemu mbili zisizohusiana: Fred Smith wa bendi ya roki ya MC5, aliyekuwa akiitwa Sonic, na Big Youth, mwanamuziki wa reggae wa Jamaika. Juni mwaka huohuo Moore aliandaa Noise Fest katika nyumba ya sanaa ya White Columns, tamasha la siku kadhaa la bendi ambazo klabu za kawaida hazikuzitaka. Desemba waliingia studio iliyokuwa ndani ya jengo la Radio City Music Hall, na rekodi yao ya kwanza ikatoka mwaka 1982 kupitia Neutral, lebo (kampuni ya rekodi) aliyokuwa akiiendesha Branca. Katika wimbo mmoja wa rekodi hiyo utasikia drili ya umeme ikiwa imeunganishwa kwenye amplifaya, nayo inanguruma kwa zamu yake kama ala nyingine yoyote.

Sababu ya kutuni magitaa upya haikuwa nadharia peke yake. Hawakuwa na fedha. Magitaa waliyokuwa nayo yalikuwa ya bei ya chini kabisa, ya kununuliwa yakiwa yametumika, na gitaa la namna hiyo ukilituni kawaida hutoa sauti mbaya isiyotulia, kwa sababu shingo imepinda na vigingi vya kukazia nyuzi havishiki. Lakini gitaa hilohilo ukililegeza nyuzi, ukaweka mbili mbili zenye noti moja, ukaligonga kwa kijiti cha dramu, linaweza kutoa sauti ambayo gitaa la bei kubwa halijawahi kuitoa. Kila gitaa bovu lilikuwa na ubovu wake, na kila ubovu ulizaa wimbo. Ndipo ukaanza ule utaratibu uliowafanya wajulikane kwa mafundi wa jukwaani kote walikopita: wimbo fulani una gitaa lake, na gitaa hilo halipigi wimbo mwingine usio wa mpangilio huo wa nyuzi. Walipokwenda ziara walibeba magitaa kwa makumi.

Nina gitaa la zamani la umeme nyumbani ambalo silipigii tena kanisani, na hulitumia kwa majaribio ya aina hii. Chukua bisibisi yenye mti mwembamba, ipitishe chini ya nyuzi juu kabisa ya freti ya 12, katikati ya urefu wa uzi, ili nyuzi ziinuke na kuilalia. Sasa kila uzi umekuwa nyuzi mbili zenye urefu sawa. Piga upande wa kulia, karibu na mkono unaopigia, na utasikia upande wa kushoto, ambao hukuugusa, ukianza kuitika wenyewe, kwa kuwa nusu mbili zinazolingana huambukizana mtetemo. Sauti inayotoka ina kingo za chuma, inakawia kufa, na haina ule mwanzo mkali wa uzi unaopigwa kwa kipiki. Isogeze bisibisi kidogo tu, iache freti ya 12, na nusu hizo zinaacha kukubaliana, noti mbili zinaanza kukwaruzana, na mkwaruzo huo una mpigo wake wa polepole unaoweza kuuhesabu. Katika rekodi zao za mwanzo, hasa Confusion Is Sex ya mwaka 1983, sauti hizi zimejaa tele, na ukishazitengeneza mwenyewe mara moja, unazitambua popote zinapojitokeza.

Cage mwenyewe alikuwa amefanya jambo kama hilo na piano karibu mwaka 1940. Alikuwa ameombwa muziki wa dansi ya Syvilla Fort katika shule ya Cornish mjini Seattle, akataka ngoma na vyombo vya kugonga, lakini ukumbi ulikuwa mdogo na palikuwa na nafasi ya piano moja tu. Akaingiza skrubu na vipande vingine kati ya nyuzi za piano hiyo na kuigeuza kuwa kundi zima la ngoma. Hata huko chanzo kilikuwa uhaba. Napenda kuwakumbusha jambo hili wale wanaoudhani muziki wa majaribio kuwa anasa ya watu walioshiba.

Panki nayo ilikuwa na mambo yake ya kutoa, na si madogo. Ilitoa lebo ndogo zinazoendeshwa na wanamuziki wenyewe, kama SST ya Greg Ginn wa bendi ya panki ya Black Flag, iliyotoa EVOL mwaka 1986 na Sister mwaka 1987. Ilitoa ratiba ya kuzunguka nchi nzima kwa gari moja na kupiga katika kumbi za watu wachache. Zaidi ya hayo ilitoa wimbo, kwa maana ya kitu chenye mwanzo, kiitikio na mwisho, ambacho kinaweza kumkamata mtu asiyejua lolote kuhusu sauti za juu za uzi. Katika kazi za Branca na Chatham msikilizaji hukaa ndani ya sauti na kungoja. Sonic Youth walimpa mahali pa kushika.

Anayestahili sifa kubwa kwa hilo, na husahaulika, ni mpiga dramu Steve Shelley. Aliingia mwaka 1985, baada ya wapiga dramu kadhaa kupita, akitokea katika panki ya kasi ya Michigan, na tangu siku hiyo bendi haikubadilisha tena mpiga dramu. Upigaji wake umenyooka, haujipambi, na unakwenda mbele bila kutetereka hata pale magitaa mawili yanapokuwa yamekwisha kuacha noti na kubaki na mlio wa spika. Jaribu kumsikiliza yeye peke yake katika albamu ya Sister: utagundua kwamba chini ya fujo yote ile kuna bendi ya roki iliyopangika, yenye mapigo manne katika kila kipimo, na kwamba fujo inaruhusiwa kwa sababu yeye haondoki mahali pake. Okestra ya Branca ilihitaji nguzo ya namna hiyo pia, lakini kwake dramu zilisukuma; kwa Shelley zinashikilia.

Daydream Nation ndiyo albamu ambayo mizani hii ilikaa sawa kuliko zote, na hapa niko pamoja na walio wengi. Ni albamu ya rekodi mbili, yenye zaidi ya saa moja ya muziki, iliyorekodiwa majira ya joto ya mwaka 1988 katika studio ya Greene Street pamoja na Nick Sansano, fundi mitambo ambaye uzoefu wake ulikuwa katika hip hop na ambaye alikuwa amefanya kazi na Public Enemy. Nadhani uchaguzi huo ulisaidia kuliko inavyosemwa, kwa sababu sauti za magitaa zimewekwa kwa ukubwa na uwazi wa kazi za hip hop za wakati ule, kila tabaka likisikika na nafasi yake. Picha ya jalada ni mshumaa uliochorwa na Gerhard Richter wa Ujerumani mwaka 1983. Mwaka 2005 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza albamu hiyo katika orodha yake ya kitaifa ya rekodi zinazopaswa kuhifadhiwa, heshima ambayo bendi chache zilizoanzia kwenye drili ya umeme zimewahi kuipata.

Majalada hayo yanahitaji neno moja. Kwa miaka mingi waliweka mbele ya muziki wao kazi za wasanii waliowafahamu au kuwaheshimu: Richter, kisha Raymond Pettibon kwa Goo ya mwaka 1990, Mike Kelley kwa Dirty ya mwaka 1992, Richard Prince kwa Sonic Nurse ya mwaka 2004. Gordon alitoka katika ulimwengu huo na hakuuacha. Ni yeye pia aliyeleta katika bendi sauti ambayo haikuwa imefunzwa kuimba, inayosema, inayokoroma, inayouliza kwa ubaridi, na katika wimbo wa albamu ya Goo ambao Chuck D wa Public Enemy anasikika ndani yake, ubaridi huo unageuka kuwa dhihaka kwa watu weupe wanaowaomba watu weusi wawakomboe. Besi yake ilikuwa ya noti chache. Sioni kama huo ulikuwa upungufu, maana magitaa mawili yaliyojaa namna ile yanataka chini yake kitu kisichobabaika.

Mkataba na Geffen, kampuni kubwa ya rekodi, wa mwaka 1990, ziara ya Ulaya ya mwaka 1991 waliyofuatana na Nirvana, na nafasi ya juu kabisa katika tamasha la Lollapalooza mwaka 1995 ni mambo yaliyokwisha kuandikwa sana, nami sina la kuongeza isipokuwa kwamba kampuni kubwa haikuwafanya watuni magitaa yao kawaida.

Ushahidi ni albamu ya Washing Machine ya mwaka 1995, iliyorekodiwa Memphis, na hasa wimbo wake wa mwisho, The Diamond Sea, unaokaribia dakika 20. Unaanza kama wimbo wa mapenzi wa kawaida, kwa kasi ya mtu anayetembea, na Moore anauimba bila kupaza sauti. Baada ya beti chache magitaa yanaondoka kwenye kordi, si kwa ghafla, bali uzi mmoja unaanza kukaa muda mrefu kuliko inavyopasa, kisha wa pili, hadi huwezi tena kusema ni wapi wimbo uliishia. Unarudi. Beti inaimbwa tena, ikiwa imechoka kidogo, na safari hii inapoondoka haina nia ya kurejea: dakika kadhaa zinapita ambamo Shelley anapunguza mapigo na spika zinalishana sauti, noti za juu zikipanda na kushuka kwa upana ambao Chatham na Branca waliupata kwa kuwapanga watu na kuwaelekeza. Hapa hakuna aliyeelekezwa. Kwangu hii ndiyo kazi yao kubwa zaidi ya muziki wa sanaa, na ilitoka kwenye albamu ya roki, kwa kampuni ya roki.

Miaka minne baadaye walitoa kazi iliyojitangaza wazi kuwa ya muziki wa sanaa, nayo, kwa masikio yangu, ni dhaifu zaidi. Goodbye 20th Century ya mwaka 1999, iliyotoka kupitia lebo yao wenyewe ya SYR, ni mkusanyiko wa tungo za Cage, Steve Reich, Pauline Oliveros, Christian Wolff, Cornelius Cardew, James Tenney, Yoko Ono na wengine, na waliopiga pamoja nao ni watu wazito kama Takehisa Kosugi, Christian Marclay na mpiga ngoma William Winant. Zimo nyakati nzuri. Tungo ya Reich, ambamo maikrofoni huning'inizwa juu ya spika na kuachwa zibembee hadi zitulie, inawafaa sana, na ile ya George Maciunas, ambamo vitufe vya piano hupigiliwa misumari kimoja baada ya kingine, ina ucheshi wake. Binti mdogo wa Gordon na Moore anapiga mayowe katika tungo fupi ya Ono, na hizo ndizo sekunde zenye uhai kuliko zote. Kwingineko nasikia adabu nyingi mno. Ni wanafunzi waliovaa vizuri siku ya mtihani, wakati kwa takriban miaka 20 walikuwa wameishi ndani ya mawazo hayohayo bila kuomba ruhusa ya mtu.

Julai mwaka huohuo wa 1999, wakiwa ziarani California, lori lililobeba vyombo vyao liliibwa pamoja na magitaa, amplifaya na vifaa vingine vya miaka yote. Bendi nyingine ingekwenda dukani. Wao walipoteza pia nyimbo, kwa maana halisi, kwa sababu baadhi ya mipangilio ya nyuzi ilikuwa imezoea gitaa fulani lenye ubovu fulani, na gitaa lililonunuliwa jana halikujua kuutoa. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi kwamba utunzi wao ulikaa ndani ya mbao na chuma kabla ya kukaa vichwani. Baadhi ya magitaa yaliokotwa miaka mingi baadaye, moja moja. Albamu iliyofuata, NYC Ghosts & Flowers ya mwaka 2000, iliundwa kwa mabaki na vifaa vipya; ina maneno mengi ya kusomwa kama mashairi na nyimbo chache, nami huirudia kwa nadra.

Walisimama tena mwaka 2002 na Murray Street, jina la mtaa wa studio yao, karibu kabisa na minara ya World Trade Center. Tarehe 11 Septemba 2001 kipande cha injini ya ndege kiliangukia mtaa huo. Jim O'Rourke, mtunzi na mtayarishaji wa Chicago aliyekuwa amejiunga nao, alikuwapo. Albamu haizungumzii tukio lenyewe. Ni ya magitaa yanayong'aa na kusukana kwa subira, na wimbo wake mmoja unaenda zaidi ya dakika 11 bila kuchosha.

Mwisho ulikuja mwaka 2011, ndoa ya Gordon na Moore ilipovunjika baada ya miaka 27, na onyesho la mwisho lilifanyika Novemba nchini Brazili. Kwa anayetaka kuwasikia wakiwa na nguvu zao bado, ninapendekeza rekodi ya onyesho la Agosti mwaka huohuo kando ya mto huko Brooklyn, iliyotolewa rasmi mwaka 2023. Walichagua kuchimba nyimbo za zamani, nyingine za miaka ya mwanzo ya 1980 ambazo hawakuwa wamezipiga kwa muda mrefu, na ili kuzipiga ilibidi watafute tena mipangilio ya nyuzi ya wakati huo, gitaa kwa gitaa. Wimbo wa kwanza umetoka Bad Moon Rising ya mwaka 1985, rekodi waliyoifanya kabla Shelley hajaingia, na sasa yeye ndiye aliyeketi nyuma ya dramu akiupiga kana kwamba ulikuwa wake tangu mwanzo. Utafute huo, upandishe sauti kuliko jirani anavyopenda, na usikilize jinsi gitaa la kushoto na la kulia yanavyokataa kukutana kwenye noti moja.